Waliobaki Chini ya Masinga

Mwaka ule wa ukame, maji ya bwawa la Masinga yalirudi nyuma mpaka miti iliyozama tangu bwawa lilipojengwa ikatoa vichwa vyake vyeusi nje. Watu wa Kivaa walilisha mbuzi mahali walipokuwa wakivua samaki. Stima ilikuwa ikikatwakatwa nchi nzima, na redioni walisema ni kwa sababu ya maji hayo hayo. Wakati huo ndipo Josphat alipopanda mpaka nyumbani kwa Ndambuki kumwomba amtolee injini ya boti yake iliyozama.

"Boti yangu sasa iko karibu," alisema. "Ukishusha kamba na jiwe, inagonga mbao. Zamani kamba yote ilikuwa inaisha na haijafika."

Ndambuki aligeuza kichwa ili amsikie kwa sikio la kulia. La kushoto lilikuwa limekufa Mombasa, kule alikoishi karibu nusu ya umri wake akipiga mbizi. Alikuwa akikwangua makome kwenye matumbo ya meli, akifunga nyaya kwenye vyuma vilivyozama, na mara kwa mara akiingia ndani ya meli zilizokufa zamani kutoa chochote alichotaka mwenye kulipa: shaba, taa, sahani zenye maua ya buluu. Sikio lilipopasuka, kampuni ilimwambia apumzike. Akarudi Kivaa na mashine yake ndogo ya kusukuma hewa, mpira mrefu wa kupumulia na mkanda wenye vipande vya madini ya risasi vya kumzamisha, akaingia katika nyumba aliyoachiwa na mama yake.

Mke wake hakuwepo. Alikuwa amechoka kumngoja, akaolewa Mwingi, na watu walimwambia Ndambuki habari hiyo kwa upole kana kwamba hakuijua. Binti yake alifanya kazi kiwandani Athi River na alikuja Krismasi. Siku nyingine zote Ndambuki alikaa mwenyewe. Si kwamba watu walimchukia. Walimsalimu, walimwita kwenye harambee na mazishi. Lakini akianza kueleza bahari ilivyo chini, jinsi meli iliyozama inavyolia usiku na mchana maji yanapoisukuma, walitikisa kichwa kwa heshima, halafu wakarudi kwenye kunde na mbuzi zao.

Kwa hiyo Josphat hakuhitaji kumbembeleza.

Boti yenyewe ilijulikana na kila mtu. Ilikuwa kubwa, ya mbao, na ilivusha watu na mizigo kwenda soko la ng'ambo, upande wa Mbeere. Mwaka wa tisini na tatu upepo uliikuta katikati ikiwa imejaa kupita kiasi, ikazama. Josphat mwenyewe siku hiyo hakuwemo. Wengi waliokolewa, na wengine maji yaliwaleta ufukweni wakazikwa. Wawili hawakuonekana: Salah, Msomali wa Matuu aliyekuwa akinunua mbuzi, na Kamanthe, fundi wa nguo wa pale pale Kivaa, aliyekuwa amepanda na cherehani yake kwenda kushona sare za shule.

Asubuhi ya kazi, Josphat alikaa ndani ya mtumbwi akilinda mashine ya hewa, na Ndambuki akashuka. Bahari aliyoizoea ilikuwa na mwanga. Hapa maji yalikuwa udongo mtupu. Ukinyoosha mkono unapotea kabla ya kiwiko. Alifanya kazi kwa vidole, kama kipofu katika nyumba ya wenyewe, akapapasa ubavu wa boti hadi nyuma, akaifunga injini kwa waya. Walipoivuta mpaka nchi kavu ilikuwa donge la kutu na tope. Josphat aliishika kwa mikono miwili akalia.

Ndambuki angeweza kuishia hapo. Injini ilikuwa ya Josphat, na Josphat ndiye aliyemtuma. Lakini kesho yake alirudi, na kesho kutwa pia, naye Josphat, kwa shukrani, akakubali kumshikia mashine. Alitoa sufuria, majembe, karai, taa za mafuta ya taa, makufuli. Alitoa kichwa cha cherehani, akakisugua kwa mafuta siku nzima mpaka gurudumu likazunguka. Siku ya soko akatandika gunia, akapanga vitu juu yake.

Watu wakaja. Hawakuwa wanunuzi sana, walikuja kuuliza. Sufuria hii ilikuwa imelala vipi? Kuna baridi huko? Mamba je, hawakukusumbua? Ndambuki alijibu kila swali. Alieleza, akaonyesha kwa mikono, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani watu walisimama mpaka akamaliza maneno. Alijisikia kama mtu aliyekuwa safarini muda mrefu na leo ndiyo amefika.

Ndipo mwanamke mmoja akapenya katikati yao, akachuchumaa mbele ya cherehani. Alikuwa Munyiva, dada yake Kamanthe. Akapitisha kidole chini ya mkono wa chuma, mahali ambapo mtu alikuwa amekwaruza herufi moja kwa msumari.

"Kamanthe alikuuzia lini?" aliuliza.

Watu wakamgeukia Ndambuki.

"Mama, hii ilikuwa kwa maji," Ndambuki alisema. "Ingeliwa na kutu. Vitu vilivyozama havina mwenyewe. Hata Mombasa sheria ya kazi yetu ilikuwa hiyo."

"Hapa si Mombasa. Hapa mwenyewe tunamjua jina."

"Basi ichukue. Ni yako. Sitaki kitu."

"Niipeleke wapi? Niiweke kwa nyumba, watoto washonee nguo, na yeye mwenyewe yuko huko?" Munyiva alisimama. "Mtu akifa kwa nyumba yake unaingia unabeba viti? Wewe umeingia kaburi la dada yangu na mkono wako, ukatoka na cherehani. Irudishe ulikoitoa."

Aliondoka bila kuigusa tena. Watu nao wakaondoka mmoja mmoja. Mtu aliyekuwa amenunua karai alirudi, akaliweka juu ya gunia polepole kama kitu cha moto, akaenda zake bila kudai chochote.

Juma lile chifu aliita baraza, akapiga marufuku mtu yeyote kushuka kwenye boti ile. Alisema kama kuna aliyeona mifupa, apeleke habari polisi. Alipotamka hivyo alimtazama Ndambuki. Ndambuki akaangalia chini.

Hakuwa ameona mifupa. Alikuwa ameishika. Siku ya mwisho, mbele kabisa ya boti, chini ya turubai lililoviringana na kamba, vidole vyake viligusa kitu laini na chembamba, akakijua mara moja, maana Mombasa alishakigusa mara nyingi. Kando yake, kwenye tope, palikuwa na pete. Mkono ulifanya kazi uliyozoea kabla moyo haujaulizwa. Ukaiokota ukaificha ndani ya glavu. Nchi kavu aliona ni pete ya fedha, ya kiume, yenye jiwe jekundu la akiki. Hakuipeleka sokoni. Aliiweka ndani ya kikombe, akafunika kikombe kwa sahani.

Baada ya baraza hakuna aliyemjia tena. Wanawake waliokuwa wakipita kwake kwenda kuteka maji walipata njia nyingine. Hata Josphat alimsalimu kwa mbali, mkono juu, huku akiendelea kutembea. Ndambuki alizoea kuwa peke yake kwa sababu ya umbali. Hii ya kuwa peke yake katikati ya watu hakuijua. Alianza kufikiria zile meli za Mombasa, zenye majina ya herufi asizoweza kusoma. Zile sahani za maua ya buluu alizomuuzia mzungu mmoja wa Diani. Hakuna mtu aliyewahi kuja sokoni kuchuchumaa mbele ya sahani zile. Alikuwa akidhani ni kwa sababu hazikuwa na wenyewe. Sasa aliona kwamba wenyewe walikuwa mbali tu.

Mchana mmoja mwanamke alibisha hodi. Alivaa buibui lenye vumbi mpaka magotini, na alikuwa ametembea kutoka barabarani. Aliomba maji ya kunywa, akanywa, akasema anaitwa Dahabo, anauza vitambaa Matuu, na mume wake alikuwa Salah.

"Nilisikia kuna mtu anashuka kwa ile boti," alisema. "Ndugu yangu, nimekuja kukuuliza jambo moja. Uliona mtu?"

"Hapana, mama."

"Hata kitu chake?"

"Sufuria tu. Majembe."

Dahabo alitikisa kichwa taratibu. Hakuonekana kuwa na shaka, na hilo ndilo lililomuumiza Ndambuki.

"Watu wangu wa Garissa wananiita nirudi," alisema. "Kila mwaka wananiita. Nawaambia, na Salah nitamwacha na nani? Wanasema Salah amekufa. Najua amekufa. Lakini sijui yuko wapi, na mtu ambaye hujui yuko wapi huwezi kumwacha." Akainuka, akashukuru kwa maji, akashika njia.

Ndambuki alikaa na neno lile siku kadhaa. Alikula nusu, akalala nusu. Mwisho akavaa shati safi, akaitia pete katika mfuko wa shati, akaenda Matuu.

Dahabo alikuwa akimpimia mteja kitambaa. Ndambuki alisubiri, kisha akaiweka pete juu ya meza. Dahabo aliitazama. Akamaliza kupima, akakata, akakunja, akamfungia mteja wake na kumtakia siku njema. Mteja alipotoka alifunga ubawa mmoja wa mlango, akaketi juu ya robota.

"Ulisema hukuona mtu."

"Sikuona. Nilishika. Huko chini hakuonekani."

"Uliitoa kidoleni kwake?"

"La. Ilikuwa kwa tope, kando."

"Ungeitoa, kama ingekuwa kidoleni?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza swali kama hilo. Ndambuki alifikiri sana. "Sijui," alisema. "Zamani ningeitoa. Sasa sijui."

"Na kwa nini ulinidanganya?"

"Niliogopa polisi. Tena niliona aibu. Ulikuja ukanywa maji kwangu, na pete ilikuwa hapo hapo, kwa kikombe."

Dahabo aliivaa pete. Ilikuwa kubwa, ikazunguka kwenye kidole chake. Hakulia. Alimwuliza boti imelalaje, Salah yuko upande gani, amefunikwa na nini. Ndambuki akamwambia kila kitu. Aliona ajabu jinsi maneno yalivyotoka kwa urahisi. Hakusimulia kama alivyosimulia sokoni, na wala hakuna aliyekuwa akishangaa.

"Mtoe," Dahabo alisema mwishowe. "Tumswalie, tumzike hapa Matuu na Waislamu wenzake. Amelala vibaya."

"Chifu amekataza. Na Munyiva, ambaye dada yake yuko huko pia, anasema waachwe."

"Munyiva aseme juu ya wake. Mimi nasema juu ya wangu."

Josphat alipoombwa ashike mashine alikataa katakata. Alisema boti imeshamtosha, na kwamba mke wake hataki kusikia jina la Ndambuki. Basi Dahabo akamwambia Ndambuki, "Nifundishe mimi."

Walienda mapema, ufukwe ukiwa hauna mtu. Dahabo hakuwa amekanyaga chombo cha majini tangu mumewe azame. Alikunja buibui, akaingia mtumbwini akiwa ameshika kingo zote mbili, midomo ikisoma dua bila sauti. Ndambuki alimwonyesha pa kuongeza petroli, pa kusikiliza kama mngurumo umebadilika, na kamba ya ishara. Mvuto mmoja, niko salama. Mivuto ya haraka, nivute. Akachukua sanda nyeupe aliyokuja nayo Dahabo, akaifunga kiunoni, akashuka.

Alipapasa hadi mbele ya boti. Akakata kamba, akafunua turubai kidogo kidogo ili tope lisivuruge kila kitu. Akaanza kwa kichwa, kama Dahabo alivyomwelekeza. Akakipata. Akapeleka mkono wa pili kutafuta bega, na mkono ukagusa kichwa kingine.

Alitulia. Hewa ilikuja mdomoni kwa mpigo ule ule, na kwa mpigo ule alijua Dahabo yuko juu anasikiliza. Akapapasa tena, pole pole. Mbavu ziliingiana. Mfupa wa mkono ulikuwa chini ya mgongo wa mwingine. Nguo zilikuwa zimekuwa tope, hakuna kilichobaki cha kumwambia huyu ni mwanamume na huyu ni mwanamke. Watu wawili walikuwa wamebanana pale chini ya turubai, na miaka ilikuwa imewafanya kitu kimoja. Alifikiria kuchukua kichwa kimoja tu, na mifupa ya kutosha kujaza sanda. Dahabo asingejua. Hakuna ambaye angejua. Akashika sanda, akaiachia. Halafu akalirudisha turubai lilivyokuwa.

Alitokea juu mikono mitupu.

"Wako wawili," alisema baada ya kupanda. "Salah na Kamanthe. Wamechanganyika. Siwezi kukutolea mume wako bila kukuletea dada wa mtu."

Dahabo alizima mashine. Sauti ya maji ikarudi, na ndege fulani alikuwa akilia upande wa Mbeere.

"Kwa mikono huwezi kujua?"

"Hapana."

"Wewe uliyewashika. Walikuwaje?"

Ndambuki alitafuta neno. "Kama watu waliokutwa na mvua," alisema, "wakaingia mahali pamoja kujikinga."

Walienda moja kwa moja kwa Munyiva, nguo za Ndambuki zikiwa bado zinadondosha maji. Munyiva alipoona maji yale alijua, akaanza kupiga kelele. Alisema atamwita chifu, atawaita polisi. Dahabo alisubiri amalize, kisha akamweleza kwa sauti ya chini, akijitaja kwa jina, akimtaja Salah, akimtaja Kamanthe.

Munyiva akaketi juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa uani. Akamgeukia Ndambuki na kumwuliza swali lile lile: walikuwaje? Ndambuki akajibu vile vile.

"Kamanthe alikuwa anaogopa maji," Munyiva alisema. "Siku hiyo hakutaka kupanda. Mimi nilimwambia aende, kazi itapotea. Miaka yote hii nikifunga macho namwona huko peke yake, anaita." Akajifuta uso kwa kona ya leso. "Kumbe hakuwa peke yake."

Kisha Munyiva, yeye aliyekuwa amekataza, akasema, "Basi watoe wote. Tuzike."

"Tuzike wapi?" Dahabo aliuliza. "Kwenu au kwetu?"

Walitazamana. Ndambuki aliona kila mmoja akifikiri mpaka mwisho, akifika mahali pale pale: kaburi moja la watu wawili, mwanamume wa mtu na dada wa mtu, Mwislamu na Mkristo, na jamaa wa pande zote mbili wamesimama juu yake wakibishana. Jogoo aliwika nyuma ya jiko. Dahabo alivua pete, akaivaa tena.

"Tuwaache," Munyiva alisema.

Dahabo alitazama upande wa bwawa, kisha akasema, "Tuwaache."

Ijumaa iliyofuata shehe wa Matuu alikuja na wanaume wachache. Wakapanga safu ufukweni, wakamswalia Salah akiwa hayupo mbele yao. Watu wa Kivaa walitazama kutoka mbali. Munyiva alileta kiti, akakiweka karibu na Dahabo, akasimama nyuma yake mpaka wakamaliza. Pete Dahabo alibaki nayo. Alisema kwao pete ya marehemu huenda kwa walio hai. Cherehani Munyiva hakuitaka. Ndambuki alienda na mtumbwi akaishusha kwa kamba, bila yeye mwenyewe kuingia majini, mpaka akasikia uzito umetulia. Akaachia kamba nayo ikazama.

Mvua zilikuja mwishoni mwa mwaka, nzito. Maji yalipanda yakafunika malisho, yakafunika ile miti. Watu walianza tena kumsalimu Ndambuki vizuri, wakimwuliza kuhusu mahindi yake. Mambo ya boti hawakuyataja. Munyiva alimletea maembe mara moja, akayaacha kwenye kizingiti. Alipokutana naye njiani waliongea habari za mvua, na Ndambuki alielewa kwamba Munyiva amepata alichotaka na hataki kukifungua tena.

Alitaka kuzungumza na mtu mmoja tu. Alitaka kumwambia Dahabo kwamba sasa juu ya mahali pale kuna kina kirefu kuliko alivyowahi kukiona, kwamba hakuna kamba itakayofika, na kwamba hakuna atakayewasumbua. Ilikuwa habari ndogo, lakini mbele ya mtu mwingine isingekuwa habari kabisa.

Alienda Matuu siku ya soko. Milango yote miwili ya duka ilikuwa wazi, na ndani kulikuwa na kijana mgeni akipanga ndoo za plastiki kwa rangi.

"Yule mama wa vitambaa?" kijana alisema. "Alirudi kwao Garissa. Alihama kabla ya Ramadhani. Aliuza kila kitu."

"Aliacha neno lolote?"

"Kwa nani?"

Ndambuki alisema si kitu. Alisimama kidogo kwenye baraza, watu wakipita na magunia yao ya mahindi, wakimwomba njia. Hakumlaumu. Yeye ndiye aliyempa ruhusa ya kwenda, siku ile alipoiweka pete juu ya meza. Aliingia katika hoteli iliyokuwa jirani, akaketi karibu na dirisha, akaagiza chai. Mhudumu alimwuliza kama anamngojea mtu. Akasema hapana, akamwomba mandazi pia, akala polepole mpaka soko lote likaanza kufungwa.